Obbo, Mwenye Fahali wa Petta

Obbo anafuga fahali wa mbegu huko Petta, wilayani Tororo. Majirani humletea ng'ombe wao wapandwe, na kanuni yake haijabadilika: ng'ombe akirudi mara ya tatu bila mimba, Obbo humshuku fahali wake kwanza, kisha humwelekeza mwenye ng'ombe kwa fahali mwingine.

Nyumbani kwake kanuni hiyo haikuwahi kuingia. Kwa miaka tisa bila mtoto, aliyepimwa, aliyenyweshwa mizizi na kuombewa alikuwa mkewe, Akullo.

Mwaka huu shangazi yake Obbo, Nereah, alimtafutia mke wa pili huko Mella. Akullo hakulia. "Mzee wa fahali," alimwambia, "ningekuwa ng'ombe, ungeshasema tubadilishe dume. Mimi je?"

Ndipo wakaja kwenye maabara ya Busia ninakofanya kazi. Chini ya darubini, katika mbegu za Obbo, niliona changa tupu. Iliyokomaa haikuwapo hata moja. Damu yake ikapelekwa Nairobi. Majibu yalirudi Jumatano, na safari ya kwenda kuposa Mella ilikuwa Jumamosi.

"Ndani ya korodani," daktari alimweleza, "mbegu hushikiliwa na seli zinazozilea mpaka zikomae. Jeni ndizo zinazoelekeza namna ya kushikana. Jeni yako moja ina hitilafu, kwa hiyo mbegu zinaachia mapema. Umezaliwa hivyo."

"Yaani zinaanguka kabla ya kuiva?"

"Ndiyo."

"Dawa?"

"Kwa sasa hatuna."

Obbo aliikunja karatasi ya majibu mara nne bila kumtazama mkewe. Kofia yake ilimdondoka. Akullo akaiokota, akaipangusa vumbi, akamvika taratibu, kama mtu anayemvika mgonjwa.

Yaliyofuata alinisimulia Akullo. Kesho yake asubuhi Obbo alisimama mbele ya ndugu zake.

"Shangazi, Mella hatuendi. Tatizo ni langu."

"Acha kumfichia mkeo!"

"Simfichii. Nimepimwa."

"Wewe? Mwanamume mzima, mwenye fahali?"

"Mzima ni fahali, shangazi."

Mtu mmoja alicheka, akajinyamazisha haraka. Nereah aliketi chini.

"Na watu wa Mella watatusubiri. Tuwaambie nini?"

"Nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia haya haya."

Ijumaa Obbo alitoa baiskeli. Kabla hajafika barabarani alisikia akiitwa. Akullo alikuwa anakuja mbio, amevaa gauni lake la kanisani. Akakaa nyuma, akamshika kiunoni, wakaenda.