Kilio Nilichokitoa Houston

Mama yangu alizikwa Bukoba mwezi wa pili, mimi nikiwa Irving, karibu na Dallas, kwenye kochi, nikitazama kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajatoka. Ningeondoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi. Mtandao ulikatika jeneza likiwa bado juu ya kaburi. Uliporudi, watu walikuwa wanakula.

Sikulia. Kwetu msiba hauingiwi kimya: anayekuja huanza kilio tokea njiani, na waliomo ndani humpokea kwa kilio, ndipo anapita. Sasa utalia vipi kwenye ghorofa ambalo kuta zake hupitisha hata chafya ya jirani? Nilipojaribu, mume wangu alinishika bega. "Mke wangu, sauti," akasema taratibu. "Neighbours wata-call polisi." Alikuwa sahihi, na nilimchukia hasa kwa sababu alikuwa sahihi. Watu wa kanisani walikuja na wali na kuku, wakaimba mapambio kwa sauti ya chini, wakawahi kuondoka maana kesho kazi. Kilio kikabaki kooni, miezi yote ile, nikawa mtu wa kufoka kwa sababu ya kijiko.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Richardson, pamoja na mama mmoja wa Kiukreni. Naye ana kaburi ambalo hajaliona, la kaka yake aliyekufa vitani. Hatukuwa na maongezi mengi. Tulikuwa tunawageuza wagonjwa vitandani, basi. Siku moja akaniambia kuna kundi la muziki la kwao litapiga Houston Jumamosi mchana, linalochanganya nyimbo za vijijini na muziki wa dunia nzima, hata wa Afrika. Ngoma za Afrika zinazopigwa na Wazungu sina hamu nazo, nimeziona za kutosha. Nilikwenda kwa sababu aliogopa safari ile ndefu peke yake, na mimi niliogopa kubaki nyumbani.

Jukwaani walikaa wanawake wenye mashati ya tarizi. Mmoja alibana ngoma kati ya magoti, sawasawa na kwetu, mwingine kodiani, mwingine kitu kama zeze. Nyimbo za mwanzo zilinichosha. Kisha vyombo vyote vikanyamaza, na mwanamke wa makamo akaanza peke yake, kwa sauti kavu ya kifuani isiyotafuta uzuri. Alilivuta neno moja mpaka likamkatikia.

Sauti ile niliijua. Ndivyo shangazi zangu walivyoshuka njia ya migombani kwenda msibani. Mtu alikuwa anaingia uani na kilio chake, na ukumbi mzima umekaa umefunga mikono, hakuna wa kumpokea. Niliona ni aibu kubwa.

Nikampokea. Nilisimama, mikono kichwani, nikamlilia mama yangu kwa Kihaya, kwa sauti yote niliyonyimwa. Vichwa viligeuka. Mlinzi akaanza kuja, mwenzangu akainuka na kumzuia kwa kiganja. Mwimbaji alinitazama lakini hakuacha. Akawa ananisubiri nimalize, ndipo anaendelea. Tulikwenda hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Wakati wa kurudi aliendesha mwenzangu. Nikamuuliza ni nani aliyekufa kwenye wimbo ule.

"Hajafa mtu," akasema. "Ni wimbo wa harusi. Binti anatolewa kwao, anamuaga mama yake."

Mimi niliolewa mahakamani Dallas, nimevaa nguo za kazi. Mama alikuwa amenunua vitenge kwa ajili ya send-off yangu, na kila Krismasi aliuliza tutaifanya lini, nami nikimjibu makaratasi yakitoka. Baada ya mazishi nilimuuliza dada yangu vitenge vile viko wapi. Alisema kimoja walimvalisha mama, kwa kuwa ndiyo nguo mpya pekee iliyokuwa ndani.