Shaushi Jikoni kwa Shangazi

Shangazi yangu alifiwa na waume wawili, na alipenda kuwaambia watu kwamba wote wawili walikufa wameshiba. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya biashara yake. Nyumba yetu ilikuwa karibu na soko la Rumonge, na uani tulipika mikate ya majani. Tulisaga mahindi mabichi kwenye jiwe, tukayakanda na mawese na chumvi ya Uvinza, katikati tukatia ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, kisha tukafunga kila mkate katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Chunguni iliiva kwa mvuke mpaka jani likawa na rangi ya tumbaku. Wavuvi walikuja toka Minago kuifuata, na mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa akikatisha somo akisikia harufu.

Mimi nilikuwa nimeachika. Mume wangu alinirudisha kwa shangazi akisema nina mdomo. Shangazi akamjibu kwamba mdomo hauharibiki, atautumia sokoni.

Mwaka huo Wadachi walituletea askari wa kukaa mjini, na mkubwa wao alikuwa shaushi mmoja kutoka upande wa Tabora. Alikuwa na sharubu zilizopakwa mafuta, koti lenye vifungo vya kung'aa, na kiboko ambacho hakikutoka mkononi hata akienda haja. Alikuwa amemchapa mvuvi jirani yetu mbele ya soko zima kwa kosa la kuchelewa kubeba mizigo ya serikali. Kwa hiyo aliposimama mlangoni petu akauliza, "Mama, chakula iko?" chakula kikawa kipo.

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Alikula amesimama, akilamba mawese kwenye vidole, huku akitazama ndani. Nikajua ananitazama mimi. Nani mwingine? Nikaanza kusuka nywele kila mara na kujipaka wanja mzito kiasi kwamba shangazi aliniuliza kama naumwa macho. Simpendi, nilijiambia, lakini nilitaka niposwe ili nipate raha ya kumkatalia.

Mwalimu wa chuo ndiye aliyeletwa kuwa mshenga. Aliketi mkekani, akakohoa, akamsifu Mungu kwa maneno marefu, akala mkate, akala mwingine, kisha akasema shaushi anaomba kumwoa shangazi.

Nilicheka hadi wanja ukanitiririka. Nusu ya kicheko kile ilikuwa hasira.

"Huyu hataki mke," shangazi akasema. "Anataka chungu."

"Bibi, ni mtu wa serikali," mwalimu akanong'ona. "Kumkatalia ni hatari."

"Sijamkatalia. Mwambie aje siku ya soko, mchana, apike mwenyewe. Asage, afunge, achemshe. Mutu akipenda chungu, azoee na moshi yake."

Mwalimu aliondoka akiwa ameshika kichwa. Usiku huo sikulala vizuri. Nilimwambia shangazi kwamba tutachapwa sote. Akasema kama ni kuchapwa, afadhali tuchapwe tukiwa tumecheka.

Siku ya soko shaushi akaja. Sikuamini. Alikuwa na koti lake na vifungo vyote, na kiboko. Shangazi akamwonyesha jiwe la kusagia. Sasa, jiwe la kusagia halina heshima kwa mtu yeyote: ni lazima upige magoti, uiname, na sehemu ya nyuma ielekee mbinguni. Shaushi akavua koti, akaweka kiboko chini karibu na mafiga, akainama.

Habari ikafika sokoni kabla hajamaliza mahindi ya gunzi la pili. Vichwa vikajaa juu ya ua wa matete. Wanawake waliacha samaki wao wakaliwa na paka. Mvuvi aliyechapwa naye akaja, akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sukuma kwa mabega," shangazi akamwambia shaushi. "Unalibembeleza hilo jiwe kama unaliposa."

Ua wote ukacheka. Shaushi alitoka jasho, mahindi yakimrukia kwenye sharubu. Moto ukawa unazimika, na shangazi, bila kutazama, akanyoosha mkono akachukua kitu kirefu kilichokuwa karibu, akakoroga makaa. Kilikuwa kiboko. Ngozi ikaanza kuungua, ikanuka kama nyama iliyosahauliwa.

Kicheko kikakatika. Mimi nilitazama njia ya kukimbilia.

"Hiyo ya serikali," shaushi akasema polepole.

"Na moto ni wa nani?" shangazi akauliza.

Shaushi alimkazia macho. Niliona taya lake likitembea. Kisha akashusha macho, akachukua jani, akaendelea kufunga. Alifunga vibaya mno, kamba za mgomba zikimteleza vidoleni, na chunguni nusu ya mikate ikapasuka ikawa uji. Shangazi akaipua iliyosalia, akachagua ule mzuri.

"Mpe yule," akasema, akionyesha mlangoni.

Shaushi akainuka, magoti yake meupe kwa mahindi, akampelekea mvuvi mkate kwa mikono miwili. Mvuvi akaufungua, akala taratibu, watu wote wakimtazama mdomo.

"Chumvi kidogo," akasema, akaenda zake.

Shangazi alimrudisha shaushi jikoni mara kadhaa kabla ya kukubali ndoa. Bosi wake Mdachi alipouliza kiboko kimekwenda wapi, alisema kimeliwa na panya, akapewa kingine. Sitasema aligeuka malaika. Alipoamriwa kuchapa, alichapa, na siku hizo shangazi hakumpakulia. Alikaa uani na sahani tupu kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini mtaa wetu haukuguswa tena, na jioni nyingine niliwasikia wakibishana kuhusu mawese na kucheka chini chini. Nilikuwa nikijifanya nimelala, kwa wivu.

Kisha meli ya serikali ikaja kuwachukua askari kwenda kusini. Shangazi alikataa kumfuata. "Nenda," alimwambia. "Mimi siyo mzigo wa meli." Aliagana naye mkavu kabisa, nami nikadhani ndivyo alivyo. Meli ilipopotea akaingia ndani, akalala akitazama ukuta, akalia kama mtu aliyechomwa. Sikuwa nimejua kwamba alimpenda, na nadhani hata yeye hakuwa amejua.

Nilipika peke yangu nikauza. Asubuhi moja mfanyabiashara wa chumvi alifungua mkate wangu, akautafuna, akatangaza mbele ya wateja wote, "Mwenye huu mkate amesaga mahindi au amesaga jiwe?"

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Shangazi alisimama pale, nywele timutimu, macho yamevimba.

"Na weye," akamwambia, "mama yako alikuzaa au alikuteremsha mtini?"

Akafunga kanga kiunoni, akanisukuma pembeni, akapiga magoti kusaga.