Mbuzi Niliyompelekea Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anakaa Raskazone kwenye nyumba ya ghorofa inayotazama bahari, na hakuna kitu chochote anachokihitaji kutoka kwangu. Yeye na marehemu mumewe walianza na lori moja, yakawa manne, zikaja nyumba za kupangisha, likaja shamba la michungwa huko Muheza. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi upande wa Pongwe.

Lakini kila Krismasi ukoo mzima tunakwenda kula kwake, na hakuna anayeingia mikono mitupu. Si kwamba anadai. Ila zawadi anaipokea mbele za watu, anaifungua hapo hapo, anaitazama kama daktari anayesoma majibu ya maabara, kisha anasema, "Ahsante, baba." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Ile "ahsante, baba" nimekuwa nikirudi nayo nyumbani kila mwaka kama mtu aliyefeli mtihani.

Mwaka mmoja nilimpa saa ya ukutani. Pasaka nikaiona kwenye kibanda cha mlinzi wake, inakwenda vizuri tu. Mwaka uliofuata nikampa fremu ya picha, akaniuliza picha yenyewe iko wapi. Mwaka wa tatu nikampa soksi. Soksi, Tanga, Desemba, watu wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Mke wangu hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani, na alipofika akasema, "Mwakani nachagua mimi."

Lakini safari hii aliyechagua ni shangazi mwenyewe, bila kujua. Mwezi wa kumi na moja tulipita kumsalimia, tukamkuta jikoni anagombana na samaki. Yaani samaki wamepikwa, wametulia kwenye sahani, naye anawagombeza.

"Onja hili tui," akaniambia. "Nazi ya mashine hii. Inanuka chuma. Mbuzi yangu niliyoachiwa na mama, wanangu wamekuja kutengeneza jiko jipya, wakaniwekea mawe ya kung'aa na makabati, mbuzi wakaitupa. Eti mama, hii takataka ya nini. Sasa nina mashine tatu na sina tui."

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaelewa.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi seremala jirani na shule yetu. Akanitengenezea mbuzi ya kukunia nazi, ile hasa ya zamani: kibao cha mwembe cha kukalia, miguu ya kukunjana, na mbele ulimi wa chuma wenye meno makali, uliofuliwa na mhunzi anayemwamini. Haikufika bei ya kilo mbili za nyama. Nilipoiona imekamilika, imepakwa mafuta inameremeta, nilijihisi tajiri. Mke wangu akaifunga kwa karatasi nyekundu yenye nyota, akaitia na utepe. Kwa umbo lake lile, ukiifunga karatasi, inafanana na kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

"Sasa mwambie," mke wangu akasema. "Jikoni pale ameshaanza kuulizia watu inauzwa wapi. Ataagiza nyingine kabla yako."

Shangazi hapendi kuongea kwa simu, anasema anasikia upepo mtupu. Nikamwandikia meseji: "Shikamoo shangazi. Krismasi hii mbuzi juu yangu. Usihangaike kununua."

Akajibu upesi kuliko kawaida yake: "Marahaba baba. Mungu akuzidishie. Ni mkubwa?"

Nikatabasamu. Miaka yote hiyo ya biashara, na upatanisho wa kisarufi bado unamshinda. Mbuzi ya nazi haiwi "mkubwa", inakuwa "kubwa". Nikamsamehe kama ninavyowasamehe watoto wa darasa la nne. Nikaandika: "Saizi ya kawaida, ila miguu imara sana."

"Vizuri. Mlete mapema, jua halijawa kali."

Hapo nikaona ameshahamia kwa binti yetu wa mwisho, mwenye miaka mitano, ambaye shangazi anampenda kuliko sisi wazazi wake. Nikajibu: "Nitamleta saa tatu, tukitoka ibada ya kwanza. Amechangamka, anaimba tangu asubuhi."

Shangazi akanirudishia vijisura vinne vinavyolia kwa kucheka. Hajawahi kunitumia kijisura hata kimoja maishani mwake. Nikamwonyesha mke wangu. Tukakubaliana kwamba mwaka huu tumepatia.

Asubuhi ya Krismasi tulitoka kanisani tukachukua bajaji mpaka Raskazone, mimi nimevaa suti yangu moja, kifurushi nimekipakata. Geti likafunguliwa, nikaona mambo makubwa. Uani majiko matatu ya mkaa yamewashwa. Sufuria za shughuli zimepangwa. Kamba mpya imefungwa kwenye shina la mwarobaini, na chini yake pamewekwa fungu la majani mabichi na ndoo ya maji. Pembeni amesimama mzee jirani, mstaafu wa bandari, kanzu kuukuu, mikono ameikunja, kisu mkononi. Huyu mzee ndiye anayechinja kila kinachochinjwa nyumbani kwa shangazi, kwa sababu nusu ya wanaokula pale ni majirani Waislamu, na shangazi hataki jirani yake ale kwa wasiwasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu." Akachungulia ndani ya bajaji, akazunguka nyuma yake, akarudi. "Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Si huyo tunayemsubiri?"

Nikamsogeza binti yangu mbele. "Huyu hapa. Msalimie babu."

"Shikamoo babu," binti yangu akasema, gauni lake jeupe, utepe kichwani.

Mzee akamtazama mtoto. Akakitazama kisu. Polepole akakipeleka mgongoni.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mimi nimeitiwa mbuzi."

"Mbuzi si ninayo hapa," nikasema, nikapigapiga kifurushi kwa furaha.

Shangazi akatoka barazani wakati huo huo, gauni la kitenge, hereni za dhahabu, nyuma yake mwanawe mkubwa, binamu yangu, aliyetoka Dar usiku wa jana na kiti cha umeme cha kumkanda mama yake mgongo. Shangazi akakiona kifurushi. Uso ukambadilika.

"Umemchinja huko huko?"

"Amechinjwa na nani?" mzee akauliza, naye ameingiwa na hofu.

Nadhani ndipo nilipoanza kuelewa, ila akili ilikuwa inakataa. Niliiona ile kamba. Niliyaona yale majani. "Ni mkubwa?" "Mlete mapema." "Anaimba tangu asubuhi." Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyemsahihisha moyoni mwanamke ambaye sarufi yake haikuwa na kosa hata moja.

"Shangazi," nikasema, "ifungue tu."

Akaifungua. Karatasi nyekundu ikaanguka, mbuzi ikabaki mikononi mwake, ulimi umetoka, meno yanang'aa kwenye jua. Mkaa ulikuwa unalialia. Kisha binamu yangu akashika nguzo ya baraza akaanza kucheka mpaka akachuchumaa.

"Mama," akasema akijifuta macho, "huyu tukimla, meno ndiyo yatatusumbua."

"Nyamaza wewe!" Shangazi hakuwa anacheka. "Saa tatu hii. Watu thelathini wanakuja. Bucha nimewaambia mwaka huu sihitaji, mpwa wangu analeta mbuzi. Nimewatangazia mpaka kanisani! Meseji yako nimewasomea akina mama, wakasema una mwalimu mcheshi, anasema mbuzi anaimba."

Mke wangu alikuwa amegeukia geti. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hata leo anasema alikuwa analia. Mimi nilitamani yule dereva wa bajaji asiwe ameondoka.

"Nitakwenda kutafuta, shangazi," nikasema. "Pongwe nina watu."

"Mbuzi wa kununua leo, mwalimu, utauza na suti hiyo," mzee jirani akasema. Kisha akafikiri, akakifuta kisu kwenye kanzu ingawa hakikuwa na kitu. "Lakini samaki wapo. Wanangu wamerudi alfajiri. Nguru wapo, changu wapo. Mama, mbona mbuzi ya nazi unayo, nazi zipo, mkaa umeshawaka? Mimi nitawapara."

Shangazi akamtazama, akaitazama mbuzi aliyoishika. Akaijaribu miguu, ikafunguka na kukaa. Akapitisha kidole kwenye meno ya ule ulimi, polepole, kama anayepima wembe.

"Huyu fundi anajua," akasema. Halafu kwangu: "Vua koti."

Nikavua koti. Mzee akaondoka na mlinzi, wakarudi na samaki wa kutosha harusi. Nazi zikaletwa gunia zima, nikawa navunja, mke wangu anakinga maji yake kwenye jagi. Niliketi kwenye mbuzi nikaanza kukuna, na nazi ya tatu shangazi akashindwa kuvumilia.

"Unaichokonoa! Nazi haichokonolewi. Toka."

Akajifunga kanga juu ya lile gauni la kitenge, akaketi upande, akashika kifuu kwa mikono miwili, na mikono ikaanza kwenda. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nazi ilikuwa inashuka kwenye sinia kama unga, nyeupe, bila hata chembe ya kifuu. Hereni zinacheza, midomo ameibana. Nazi ya tano akaanza kuongea. Alitueleza jinsi mama yake alivyokuwa akimpa nazi kumi kabla hajamruhusu kwenda kucheza, na jinsi lori la kwanza walivyolinunua kwa kuuza wali wa nazi na maharage kwa makuli, yeye akikuna tangu alfajiri. Binamu yangu alisogea karibu na sinia. Nilimwuliza baadaye, akasema hadithi ya lori alikuwa akiisikia kila mwaka. Hiyo ya wali hakuwahi kuambiwa.

Naye akapewa zamu. Akakwaruza vidole viwili kwenye nazi ya kwanza, akafungwa kitambaa, akapelekwa kukaa kwenye kile kiti chake cha umeme, ambacho watoto walikuwa wameshakiteka.

Wageni walikuja saa saba. Kila aliyeingia getini aliuliza mbuzi yuko wapi, na kila mara mzee jirani alininyooshea mkono, nikasimama nikaeleza upya. Mara ya kumi nilikuwa nimeshaipanga hadithi vizuri, naweka vituo mahali pake. Tulikula wali wa nazi, nguru wa kupaka, changu kwenye tui zito lenye pilipili na ndimu. Mchungaji aliongeza mara tatu. Hakuna aliyeulizia nyama.

Baada ya chakula nilipeleka vyombo jikoni nikamkuta shangazi peke yake, amekaa, anakomba bakuli lake la tui kwa kijiko.

"Nisamehe, shangazi," nikasema. "Nimekuaibisha mbele za watu."

Akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akanivuta sikio karibu, kweli kwa kulivuta.

"Meno haya ya juu si yangu," akanong'ona. "Miaka sita sasa. Nyama ya mbuzi kila Krismasi naimeza kama vidonge, nikilala inakaa hapa." Akagusa kifua. "Lakini nyumba kubwa kama hii, ukiwapa watu samaki siku ya Krismasi, watasema mama kafilisika. Leo nimekula nikashiba, na lawama zote umebeba wewe." Akaliachia sikio langu. "Ahsante, baba."

Haikuwa ile ya kila mwaka.

Wiki moja baadaye akaniandikia kwamba kile kibao kinambana kanga, nikipeleke kwa fundi akipige msasa. Nikaenda Jumamosi kukichukua, akaniambia nisikae tu, nazi ziko pale. Tangu hapo Jumamosi nyingi nipo jikoni kwake, najifunza kukuna. Anasema bado nachokonoa. Mke wangu anasema Krismasi ijayo tumpelekee kifumbu cha kuchujia tui, ila meseji ataandika yeye.