Kaske Iliyolinda Nafasi
Kule Salamabila, kila kaske, kofia ngumu ya mchimbaji, ilikuwa na chipu. Ukipita mlango wa shimo, kompyuta yangu, mimi mwenye kuhesabu watu mlangoni, inajua kama umeingia ao umetoka. Jioni moja, namba moja haikutoka. Nilipiga king'ora, roho juu, tukashuka kumtafuta mwenye namba ile. Papa mumoja, mchimbaji mzee, alichimba mbele yangu kwa nguvu kama mtu amefukiwa, kichwa wazi.

"Papa, kaske yako iko wapi?"

"Niliiacha huku chini nilipotoka, inilindie nafasi yangu ya kuchimba mpaka kesho. Kwenye mashimo yetu ya zamani ni vile tulifanya."

"Basi unajitafuta mwenyewe!" nilifoka.

Tangu siku ile, namba ikibaki chini, wenzangu wanacheka: "Ni kaske tu." Mimi siwezi kutulia. Nashuka. Siku moja kaske hiyo itakuwa na kichwa ndani.