Bisahu na Mbiu ya Dubu

Nilimwona Bisahu kwa mara ya kwanza akiwa juu ya ukingo wa kisima chetu, ngoma ikining'inia shingoni, akizuiwa kushuka na beberu wa mama yangu. Alikuwa ametoka kijiji kingine kurithi kazi ya mjomba wake, mpiga mbiu aliyefariki bila kuacha mtoto wa kiume. Mbiu yake ya kwanza ilihusu mbuzi: wafungwe nyumbani, daktari wa mifugo anakuja kuwachoma sindano. Beberu alikuwa kama ameelewa.

"Wenye mbuzi!" Bisahu alipaza sauti. "Wafungeni! Na huyu awe wa kwanza!"

Mke wangu Sukwaro, ambaye tulikuwa tumeoana mwaka huohuo, alitua mtungi akacheka hadi akakaa chini.

"Shemeji," alimwambia, maana kwetu mgeni wa rika langu huwa ndugu wa mume papo hapo, "umeletwa kututangazia au kuchungwa?"

"Nichunge wewe, shemeji. Mimi sili sana."

Tangu siku hiyo utani wao haukukatika. Hawakuweza kupishana njiani bila mmoja kumchokoza mwenzake. Mimi si msemaji. Nilisoma hadi darasa la tano, na hata huko, nikijua jibu nilikaa nalo. Nadhani ndiyo maana Bisahu alipenda kupumzika kwangu akitoka kazini. Alikuwa amesema vya kutosha kwa ajili yetu sote wawili.

Kijiji chetu kina mitaa mitatu: wa Juu, wa Kati, na wetu ulio ng'ambo ya kijito. Bisahu hakujua kusoma. Kwenye ofisi za serikali walimsomea tangazo, naye akalibeba kichwani njia nzima, midomo ikimcheza, kama mtu anayebeba maji kwenye jani. Alianza mtaa wa Juu, akashuka wa Kati, akamalizia kwetu.

Kila mwaka, kabla maua matamu ya mti wa mahua hayajaanza kudondoka, lilikuja tangazo la dubu. Maua hayo huanguka alfajiri. Sisi tunayaokota tuyale na kuyauza, na dubu naye anayapenda. Kuhusu dubu kila mtu ana lake. Bibi zetu walisema okota kimya, wala usimtaje jina, sema "mjomba mweusi". Wanaume walisema mkimbie kwa kuteremka, manyoya yatamfunika macho. Bwana misitu mmoja alisema tupige makofi na kuimba. Aliyemfuata akasema kuimba kunamshtua, tunyamaze, tupande mti.

"Kwani dubu hapandi miti?" Sukwaro alimuuliza Bisahu.

"Hilo halikuwemo kwenye tangazo, shemeji. Ukifika juu, muulize mwenyewe."

Miaka michache baadaye, tukiwa tumeshapata watoto, alikuja bwana misitu mpya, na tangazo lake lilikuwa refu. Ukimwona dubu yuko mbali, usilale, usikimbie. Rudi nyuma taratibu huku ukiongea. Akikurukia, hapo ndipo ulale kifudifudi, mikono shingoni, usitikisike. Mtaa wa Juu walilisikia lote. Mtaa wa Kati pia. Alipovuka kijito kuja kwetu, sauti ilikuwa imemkauka, na kwetu palikuwa na harusi. Vijana walikuwa wamekwisha kumwona. "Bisahu! Leta ngoma, wapigaji waliokodiwa wamelewa!"

Alisimama kando ya njia, akapiga ngoma, akasema: "Ofisi ya misitu inasema, ukimwona dubu lala kifudifudi, mikono shingoni! Mmesikia, msiseme hamkusikia!" Kisha akaingia harusini.

Sukwaro alikuwa mlangoni kwetu. Jioni ile aliwaonyesha watoto, akajitupa sakafuni, mikono shingoni, akikwaruza sauti kama ya Bisahu. "Mume wangu, dubu akija mimi ni gunia la mpunga. Wewe utakuwa nini?" Nilicheka. Nilimwambia nitakuwa kamba.

Siku chache baadaye tulikuwa tukiokota maua kwenye miti yetu mteremkoni, mimi mti wa chini, yeye wa juu. Alimwona dubu amempa mgongo, mbali kama kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani, ameinamia maua. Angeweza kurudi alikotoka. Alilala. Dubu aliendelea kula, ua baada ya ua, akisogea bila kujua, mpaka akamkanyaga mtu. Akashtuka. Mimi nilisikia kelele, nikapanda mbio nikigonga kila shina kwa shoka, na dubu akaondoka. Alikuwa amechukua jicho la kushoto na shavu. Tulimbeba mke wangu juu ya kitanda hadi barabarani, na hospitali ya mjini haikumwachia mpaka mvua zilipoanza.

Aliporudi, watu walikuwa wakibishana kisimani. Mama mmoja wa mtaa wa Juu alisema, "Lakini si tuliambiwa tusilale akiwa mbali?"

"Nyie wa Juu mliambiwa hivyo. Sisi tuliambiwa tulale," akajibu jirani yangu.

"Basi ofisi ina dubu wawili! Wetu na wenu!"

Wakaicheka ofisi, wakailaani. Bisahu alikuwapo, ameshika kamba ya ndoo. Hakuivuta. Aliiacha ndoo ndani ya kisima akaenda zake.

Kesho yake alinifuata shambani, nilikokuwa nikiziba tuta la jaruba la mpunga. Alichuchumaa majini bila kukunja nguo.

"Kaka, ofisi haikukosea. Mimi nilikata maneno. Niliona harusi, nikaona tangazo refu, nikakata."

Niliendelea kuziba tuta. Sikujua mikono ifanye nini kingine.

"Nipeleke barazani," alisema. "Nitozwe mbuzi, watu wale, liishe."

Kwetu kosa huisha mbuzi wake akiliwa. Lakini nilijiona nimesimama mbele ya watu, naongea. Kisha nikajiona nimekaa na sahani ya nyama ile. Vyote viwili vilinishinda.

"Mwambie mwenyewe," nilisema.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alileta kuni. Alipanga upya vigae vya paa letu bila kuombwa. Alivuna mpunga wetu kabla ya wake. Sukwaro alimrushia maneno kama zamani, kitambaa kikiwa kimefunika upande mmoja wa uso: "Shemeji, unaniposa? Ngoja basi huyu afe kwanza!" Bisahu aliinamisha kichwa, akapanga kuni. Hilo ndilo lililomuuma mke wangu kuliko kovu.

"Ananitazama kama maiti niliyelazwa juu ya kuni zenyewe nichomwe," aliniambia. "Dubu alichukua jicho. Ulimi nimeubeba mwenyewe hadi nyumbani. Amekuwaje huyu?"

Nilijua amekuwaje, nikakaa nalo.

Msimu ukarudi. Bisahu aliitwa ofisini, akaonekana akirudi, midomo ikimcheza, lakini ngoma haikulia mtaa wowote. Mkuu wa kijiji alimwambia kazi itapewa mwingine. Wazee walisema maua yameanza kuvimba, watu wataingia msituni bila neno. Bisahu alijifungia ndani. Akitangaza vibaya, mtu ataumia. Asipotangaza, mtu ataumia pia.

Asubuhi moja alisimama mlangoni kwetu na ngoma yake. Sukwaro alikuwa anapepeta mchele. Mimi nilikuwa nashona kapu.

"Shemeji," alisema Bisahu, "mbiu ya mwaka jana sikuimaliza." Akamwambia yote, toka mtaa wa Juu hadi harusi, na maneno aliyoyaacha akayataja moja moja. Hakulia. Sauti ilikuwa ileile ya kutangazia, ila ndogo.

Ungo ulisimama. Kisha Sukwaro akaanza kupepeta tena.

"Mbiu gani? Ile ya siku ya harusi? Sikuisikia. Ngoma zile zote, ningekusikia wewe na sauti yako ya chura? Nililala kwa sababu magoti yaliniishia nguvu. Nenda kapige mbiu yako, watu wanangoja."

Bisahu alinigeukia. Mimi niliangalia kapu. Nilishona mahali palipokwisha kushonwa.

Alipoondoka, mke wangu hakuniangalia. "Usianze," alisema, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. "Jicho limekwenda. Na yeye naye aende? Nitataniana na nani, na wewe?"

Siku ile ngoma ililia mitaa yote. Kwetu alitangaza mara tatu, akaanza tena. Na tangazo la mwaka ule lilikuwa na lake tofauti: msilale kabisa, simameni pamoja, pigeni kelele. "Mwaka jana walisema vile, mwaka huu wanasema hivi," alisema Bisahu. "Sijui nani anamjua dubu. Nimewaletea maneno yote, sikupunguza hata moja. Asiyeelewa aje kwangu." Tangu hapo alifanya hivyo kila mwaka, mpaka watu wakamsihi: "Bisahu, inatosha! Hata dubu ameshika kwa moyo!"

Utani ulirudi, lakini si wote. Sukwaro akimchokoza, Bisahu alijibu akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayepima kwanza kama anaruhusiwa. Na kuni hazikukoma kuletwa.

Mwaka jana kifua kilimshika Bisahu. Tulipokuwa tunamwandaa kupelekwa mjini, Sukwaro alikwenda kumchukulia uji kwa jirani, na wana wa Bisahu walikuwa nje wanafunga godoro kwenye trekta. Mgonjwa alinivuta mkono nikainama.

"Siku ile ulikuwepo, unashona kapu," alisema.

Nilitafuta mahali pa kuangalia. Nikaona miguu yake, imevimba.

Halafu akatabasamu kidogo.

"Mkeo anajua kudanganya, kaka. Wewe hujui. Mwambie nimeshukuru, lakini najua alinisikia."