Bunduki ya Mitutu Miwili na Dungu Letu

Shamba letu la bondeni liko chini ya Mwatate, mahali ambapo mkonge unakwisha na pori linaanza. Mume wangu alilirithi kwa mama yake, na tangu astaafu ndilo linalotulisha, maana pensheni ya karani ni ya sabuni na chumvi. Mahindi ya pale yakifika ghalani, mwaka tumeuvuka. Ndovu wakitutangulia kuyavuna, tunanunua unga kama watu wa mjini. Kwa ajili ya shamba hilo tulikwenda Mombasa kuchagua bunduki, na sijui kama kuna safari nyingine ninayoijutia hivi.

Kabla ya bunduki tulikuwa na dungu. Ni jukwaa la miti tu, limeinuka kupita mahindi, katikati ya mashamba ya nyumba nne zilizopakana. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kukesha pale juu. Mwenye zamu akisikia matawi yanavunjika hupiga debe, na wengine wote hutoka na madebe yao, kila mtu kwenye mpaka wake. Ndovu anasikia kelele mbele, kulia na kushoto, na nyuma yake kumetulia, basi anarudi porini alikotoka. Baada ya hapo watu walikuja kunywa chai na kula mihogo kwa mwenye zamu. Nasema wazi kwamba chai hiyo ilinichosha. Jirani yetu Mkamba peke yake aliweza kumaliza birika, kisha akauliza kwa upole kama kuna nyingine jikoni.

Kwa hiyo wazo la bunduki lilipomjia mume wangu, mimi ndiye niliyelipigia makofi. Kibali chake kilitupeleka kwa chifu, kwa daktari, na kwa polisi, ambako niliulizwa kama mume wangu ana hasira nyumbani. Nikasema hana, ananiogopa. Askari hakucheka.

Dukani Mombasa tulipokewa na mzee wa kanzu, mpole, mwenye vidole vinavyonukia mafuta ya bunduki.

"Karibuni. Mwaitaka kwa kazi gani?"

"Ya ndovu," mume wangu akasema.

"Mzee mwenzangu, bunduki ya marisau, hivi vigololi vidogo, haimuui ndovu. Na hata ingemuua, ungefungwa."

"Sitaki kumuua. Nataka tu aende zake."

"Basi wataka mshindo," akasema yule mzee, na akatutolea bunduki mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, mitutu yake miwili imepandana, mmoja juu ya mwingine, na ukiifungua inarusha maganda ya risasi yenyewe. Bei yake ilimfanya mume wangu airudishe mezani taratibu, kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe. Ya pili ilikuwa imepita mikononi mwa watu. Mitutu ililala ubavu kwa ubavu, ilikuwa na vifyatulio viwili, na mbao ya kitako ilikuwa na mikwaruzo. Maganda yake unayachomoa kwa vidole. Yule mzee alimfundisha mume wangu kuielekeza mlangoni na kuchungulia ndani ya mitutu, aone kama kuna kutu. Hakukuwa na kutu, na bei yake ilikuwa ya watu kama sisi. Mume wangu akaiweka begani. Mimi nikamwambia inampendeza, utadhani tunanunua koti.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na ningependa kuilaumu bunduki ile kwa urahisi wake. Siwezi. Haikukwama hata mara moja. Ilifanya kila alichotuahidi yule mzee.

Usiku wa kwanza ilipolia, ndovu walikimbia mpaka tukasikia miti ikianguka mbali. Majirani walikuja wakashangilia, wakanywa chai yangu, na mume wangu akasimulia jambo ambalo wote walikuwa wamelisikia kwa masikio yao. Nilimwona amekuwa kijana, na nilifurahi kwa moyo wote.

Kisha watu wakaanza kupungua, bila ugomvi. Mmoja alisema goti linamsumbua. Mwingine alisafiri, na aliporudi hatukumwona dunguni. Zamu ya Mkamba ilipofika nilikwenda kumkumbusha, akanijibu bila ubaya wowote, "Lakini shemeji, nyinyi si mna bunduki? Mimi na debe nitafanya nini pale?"

Nasi hatukuwa tumelifikiria hilo. Debe unampa yeyote, hata mgeni. Bunduki ina kibali, na kibali kina jina la mtu mmoja. Mume wangu hakuweza kumwachia jirani aishike hata kwa usiku mmoja, sheria haikubali. Kwa hiyo zamu zote zikawa zake. Alipanda dunguni kila jioni na koti lake, na asubuhi alishuka akikohoa. Nilimpikia uji, na kwa mara ya kwanza birika langu lilikaa kabatini.

Ndovu nao si wajinga. Walijifunza kwamba kelele sasa inatoka mahali pamoja. Walijifunza pia kwamba baada ya mishindo miwili kuna kimya, wakati mzee mmoja juu ya miti anachomoa maganda kwa kucha. Mahindi yalipokaribia kukauka waliingia kwa upande wa Mkamba, ambako hapakuwa na mtu, wakayala ya kwake, wakaja wakamaliza ya kwetu. Jifya moja haliinjiki chungu, na mume wangu alikuwa jifya moja. Asubuhi nilimkuta amekaa katikati ya mabua yaliyolala, bunduki mapajani, na nililia mbele yake, jambo ambalo huwa silifanyi.

Bunduki tuliirudisha kwa utaratibu wote unaotakiwa. Kisha tukaenda sote wawili kwa Mkamba, kwa kuwa jambo kama hilo haliombwi na mtu mmoja. Mume wangu alisema tumekosea, turudi kwenye dungu na madebe kama zamani, na chai ya msimu mzima iwe juu yetu. Mkamba alitukaribisha viti. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akitazama chini.

"Mimi sina neno, jirani," akasema. "Lakini hawa wangu wamezoea kulala sasa. Hata nikipiga debe, nani ataamka?"

Kwenye zile nyumba nyingine mbili tulijibiwa vivyo hivyo, kwa heshima vilevile. Msimu huu mvua imenyesha vizuri bondeni, na hatujapanda.