Vipimo vya Shefu wa Mapishi

Siku yangu ya kwanza kazini nililambishwa sabuni. Kiwanda chetu kilikuwa Uvira, upande wa Kalundu, ukuta wake wa nyuma ukitazama ziwa. Mkuu wa upishi, ambaye sote tulimwita Shefu wa Mapishi, alichota sabuni ya moto kwa kijiko, akaipuliza, akanipa.

"Weka ku ulimi, mama. Inakuchoma?"

"Inachoma, Papa Shefu."

"Basi sodi imezidi. Minye sina mashini ingine ya kupima, iko hii tu."

Sodi ni ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikizidi, sabuni hula mikono ya wafuaji. Ikipungua, sabuni hubaki laini na kunuka. Na mafuta hayafanani. Mawese ya Baraka yalitaka kipimo chake, ya Kiringye, yaliyokuja na maji mengi, yalitaka kingine, na mafuta ya ng'ombe yaliyoshushwa kutoka Rurambo yalikuwa na kiburi chake kabisa. Yote hayo Shefu aliyaandika kwa penseli katika madaftari matano, masika mbali na kiangazi mbali. Mimi nilikuwa mpimaji wake, wa kushika mizani na kusoma daftari kwa sauti huku yeye akikoroga. Niliipenda kazi ile. Hata leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, natamani kurudi kwenye pipa lile japo kwa asubuhi moja tu.

Vita vya kwanza vya huku kwetu vilipita, tukarudi kazini. Ndipo Patroni, mwenye kiwanda, akaleta ordinateri kutoka Bujumbura. Ndivyo tulivyoiita kompyuta. Fundi aliyekuja nayo aliifunga ofisini, akanifundisha kwa siku mbili, nikapandishwa cheo kuwa sekretere. Nilinakili humo madaftari yote matano, na ilinichukua miezi. Fundi alishauri tununue disketi, vile vibapa vya kuhifadhia nakala, zikae nyumba nyingine. Patroni akasema tutaona. Baadaye karatasi ya kufungia sabuni ikaadimika mjini, na macho ya Patroni yakatua kwenye madaftari.

"Patroni, hii vitabu usiguse," Shefu alisema.

"Shefu, weye uko muntu ya zamani. Kila kitu iko mu ordinateri. Uliza mama hapa."

Waliniangalia wote wawili. Nikasema ndiyo, vyote vimo. Nilijivuna hata, acha niseme ukweli. Siku zilizofuata wanawake wa sokoni walipokea sabuni zilizofungwa kwa mwandiko wa Shefu.

Vita vilirudi asubuhi moja, pipa likiwa motoni. Milio ilitoka upande wa bonde la Ruzizi, watu wakaanza kuteremkia ufukweni na magodoro. Patroni alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Mama, okoa ordinateri. Ingine yote acha."

Nilichomoa nyaya, nikaifunga kwa kitenge changu, nikaibeba kichwani hadi mtumbwini. Shefu aliipakata magotini mpaka ng'ambo.

Huko tulikaa chini ya turubai moja, familia yake na yangu, kile kitenge kikiwa katikati yetu. Shefu alishikwa na homa. Kila akipata nafuu aliketi, akanitazama.

"Mama, kamata kalamu. Nikuambie ile ya Baraka, ya masika."

"Papa Shefu, pumzika. Iko mu mashini."

Aliniomba tena mara mbili, tatu, kisha akaacha. Alifariki kabla hatujarudi, tukamzika huko, mbali na mapipa yake.

Tuliporudi tulikuta kiwanda kimeporwa, mapipa mawili tu yamesalia. Patroni hakuhuzunika sana. Vipimo vimeokoka, alisema, sufuria zitanunuliwa. Akamwita fundi. Fundi alifungua kitenge, akatazama, akaniuliza ordinateri iko wapi.

"Si hiyo," nikajibu.

Aliinama chini ya meza ya ofisi. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimebeba kioo chake tu, mahali maandishi yanapoonekana. Maandishi yenyewe yalikaa kwenye lile sanduku la bati lililokuwa chini, karibu na stabilizata ya kutuliza umeme. Kila asubuhi nilikuwa nawasha vyote viwili nikidhani vyote ni vya umeme. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Patroni hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Tulijaribu kupika kwa ulimi wangu. Lakini ulimi hukwambia umekosea, haukwambii uanzie wapi. Sabuni zilirudishwa, nyingine mbichi, nyingine kali. Nilizunguka sokoni nikiomba karatasi za zamani. Nilipata ukurasa mmoja, kwa muuza chumvi wa Mutarule aliyeutandika ndani ya kopo lake: kipimo cha mafuta ya ng'ombe wa Rurambo. Wakati huo wenye ng'ombe hawakuwa wakishuka tena. Patroni alifunga kiwanda, nami nikamalizia miaka yangu ya kazi ofisini parokiani, nikipiga barua kwa mashini na kuweka nakala mbili za kila moja. Padri alidhani ni ugonjwa.

Wenye viwanda vidogo huniambia mipango ya kulinda kompyuta na nakala ni mambo ya makampuni makubwa. Mimi naona kinyume. Kampuni kubwa ikipoteza mtu au sanduku, kuna mwingine anayejua. Sisi tulikuwa na kichwa kimoja na sanduku moja. Ilitosha siku moja ya utulivu kukaa na kuulizana: vipimo vinakaa wapi hasa, nakala yake iko nyumba gani, tukikimbia nani abebe nini, na madaftari tuyahifadhi wapi. Siku za utulivu tulikuwa nazo nyingi.

Juzi vijana wawili wanaopika sabuni hapa mjini waliniita nionje. Niliuliza kwanza vipimo vyao viko wapi, mmoja akanionyesha simu.

"Na ikianguka mu ziwa?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nikaonja. Ilichoma.

"Bibi, ni mawese ya Baraka. Sodi tupunguze kiasi gani?"

"Sijui," nikamwambia. "Aliyejua aliniomba nikamate kalamu."